Ule mnara wa Malindi: jiwe la Vasco da Gama ni lipi hasa?

SWALI: Hujambo mtaalamu. Likizo ya Agosti niliwapeleka watoto Malindi tukaenda kuuona mnara wa Vasco da Gama. Kijana aliyetutembeza akasema Vasco da Gama mwenyewe ndiye aliujenga mwaka 1498. Mwanangu wa darasa la sita akamuuliza, sasa mawe yote haya aliyabeba vipi kwenye meli? Kijana akacheka tu. Nami nikabaki na maswali yangu. Ule mnara ni wa asili au ni kopi? Nimesikia Wajerumani wamekubali kuwarudishia Namibia jiwe kama hilo, letu lina tofauti gani na lile? Na samahani kama ni swali baya, lakini kwa nini tunaulinda? — Mama Zuhura, Voi

JIBU: Mama Zuhura, mimi sijambo, ahsante. Kwanza huyo mwanao mpe hongera zake, manake ameuliza swali ambalo ndo la kuanzia, na watu wazima wengi tu hufika pale, wakapiga selfi, wakanywa dafu, wakaenda zao bila hata kulifikiria. Jibu lake fupi: hakuyabeba. Alichobeba ni jiwe moja la kuchongwa, tuseme nguzo na msalaba wake, na yale mengine yote mliyoyaona ni mawe ya hapahapa kwetu na yaliwekwa na watu wengine, miaka mingine kabisa.

Sasa nieleze polepole, maana hapa pana mambo kadhaa yamebebana.

Ukisimama mbele ya ule mnara unaona vitu viwili vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Chini kuna ile koni nene iliyopakwa rangi nyeupe, kama faneli iliyopinduliwa, na juu yake kuna msalaba wa jiwe. Koni ni matumbawe na chokaa, kazi ya kipwani, jamii ya mawe yaleyale unayoyakuta kwenye magofu ya Gede. Msalaba wenyewe ni jiwe jingine. Ni jiwe la chokaa la Ureno, la upande wa Lisbon, limeshikana, halina vitundu. Fundi yeyote wa mawe wa Malindi au Lamu ukimpa vipande viwili vile mkononi atakwambia bila kusoma kitabu chochote kwamba hivi havikuzaliwa mahali pamoja. Yale matumbawe ya kujengea yamejaa matundu na makombe, ukitaka kuyachonga alama ndogondogo yanakukatikia tu. (Najua kuna matumbawe laini ya baharini ambayo wazee wetu waliyachonga vizuri sana yakiwa bado mabichi, angalia mihrabu za zamani, lakini hayo siyo yaliyojengewa ile koni.)

Na ule msalaba una nembo. Nembo ya wafalme wa Ureno, yaani ngao yenye vingao vitano vidogo ndani, na kila kingao kina vidoto vitano. Chumvi na upepo wa miaka mia tano vimeila, usitegemee kuiona vizuri kwa macho ukiwa chini, lakini kama simu yako ina zoom nzuri jaribu. Hii nembo sisi watu wa malikale tunaipenda kwa sababu inatusaidia kujua umri. Mwaka 1485 mfalme João wa Pili aliibadilisha kidogo, vile vingao vya pembeni vilivyokuwa vimelala akavisimamisha, kwa hivo jiwe lililochongwa kwa mchoro wa kabla na la baada ukiyaweka pamoja yanajisema yenyewe.

Kwa hivo kwa swali lako la asili au kopi: msalaba ndo unaohesabiwa kuwa wa asili, koni siyo. Ukisema "mnara wa Vasco da Gama" umesema nusu kweli. Kwa kweli ni msalaba wa Vasco da Gama uliokalishwa juu ya mnara wa watu wengine.

Sasa haya mawe yalikuwa ya nini. Wareno waliyaita padrão. Zamani mabaharia wao walipofika pwani mpya walisimamisha msalaba wa mbao au walichora alama kwenye mti, na mbao si unajua mambo yake, mchwa na mvua, miaka michache hakuna kitu. Ndo huyohuyo João wa Pili, aliyetawala kuanzia 1481, akaona hii ni kazi ya kijinga, wacha tupeleke mawe. Yakawa yanachongwa kabisa Ureno, nguzo, juu yake kichwa chenye nembo na maandishi, juu kabisa msalaba, yanapakiwa melini yakiwa tayari. Wa kwanza kuyabeba alikuwa Diogo Cão, akasimamisha moja mdomoni mwa mto Kongo, upande ambao leo ni Angola, na jingine kusini zaidi, kwenye safari aliyoanza 1482. Safari yake ya pili akafika mpaka pwani ya Namibia akasimamisha lile ambalo umelisikia, la Cape Cross. Alafu Bartolomeu Dias akaja na yake 1487 na 1488, alafu ndo Vasco da Gama.

Sasa hebu jiulize, ni nani aliyetegemewa kuyasoma? Lile la Cape Cross liliandikwa kwa Kilatini na Kireno, na maneno yake kwa ufupi ni kwamba mwaka 6685 tangu kuumbwa dunia, na 1485 tangu kuzaliwa Kristo, mfalme João wa Pili wa Ureno aliamuru nchi hii igunduliwe na jiwe hili lisimamishwe na Diogo Cão, mtumishi wa nyumba yake. Kilatini, kwenye jangwa la Namibia! Hakuna mchungaji wala mvuvi wa pale aliyekuwa anaandikiwa barua hiyo. Barua ilikuwa ya Mhispania. Ureno na Kastilia (ndo Uhispania ya siku hizo) walikuwa wakigombania nani ana haki ya kwenda wapi, wakapelekana mpaka kwa Papa, wakaishia kugawana dunia kwa mkataba wa Tordesillas mwaka 1494, na kwenye ugomvi kama huo aliye na jiwe lenye tarehe ana ushahidi. Ni kama mtu anayekuja usiku kupanda bikoni kwenye shamba la jirani, hiyo bikoni haongei nayo mwenye shamba, anaongea na mnunuzi mwenzake. Sisi wenye shamba tulikuwa tumelala tu pale katikati.

Haya, tuje Malindi, na hapa ndo nitabishana na kijana wenu, ingawa simlaumu manake hata mimi shuleni niliandika 1498 na mwalimu akanipa tiki.

1498 ni mwaka aliofika. Alipita Mombasa kwanza, mwanzoni mwa Aprili, na Mombasa hawakuelewana kabisa, usiku watu waliogelea mpaka kwenye meli kujaribu kukata kamba za nanga. Akaondoka, njiani akateka chombo kilichokuwa na watu, akaingia bandari ya Malindi katikati ya Aprili, siku za Pasaka. Malindi wakampokea vizuri, na sababu si fumbo, Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa siku nyingi na adui wa adui yako ukimkuta na mizinga humfukuzi. Malindi pia haukuwa mji mshamba wa kushangaa wageni, tayari ulikuwa umeshapeleka twiga mpaka China mwaka 1415.

Kuna daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa waliokuwa melini, na mimi ndilo ninaloliamini kuliko maelezo yaliyoandikwa miaka hamsini baadaye na watu waliokaa Lisbon. Linaeleza jinsi mfalme wa Malindi alivyokuja kwa chombo kukutana na Gama palepale majini, amevaa joho, amekaa kwenye viti vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli mwekundu wa hariri, na wapiga tarumbeta, wakiwemo wawili wenye tarumbeta za pembe za ndovu zilizochongwa, urefu wa mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa hizo, Mama Zuhura. Mreno hakujua jina lake lakini mtu wa pwani akisoma mstari ule anazijua mara moja. Na Gama alipokaribishwa ashuke pwani akakataa, akasema bwana wake hajampa ruhusa ya kushuka. Kwa hivo Aprili 1498 walizungumza maji kwa maji, hakuna jiwe lililotajwa.

Walipewa rubani wakaondoka tarehe 24 Aprili, kusi ndo inaanza kushika, wakavuka mpaka India kwa muda wa wiki tatu na kidogo hivi. (Huyo rubani ndo vitabu vingi vinasema ni Ahmad bin Majid. Wengi wetu siku hizi hatukubali. Waandishi wa Kireno wanasema alikuwa mtu wa Gujarat na wanamwita Malemo Cana, na hiyo "malemo" wala si jina, ni "mwalimu" tu, ndivyo alivyoitwa anayeongoza chombo kwa nyota. Lakini hilo ni swali la siku nyingine.)

Kurudi ndo ikawa balaa. Waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba. Muulize mzee yeyote wa majahazi atakwambia Oktoba kaskazi haijashika, mtu mwenye akili anangoja. Wao hawakungoja. Ile safari ya wiki tatu ikawachukua karibu miezi mitatu, bahari shwari, upepo hakuna au unawapiga usoni, na kiseyeye kikawaingia, fizi zinavimba mpaka zinafunika meno, miguu inavimba, mtu anakufa. Daftari linasema njiani walikufa 30, mbali na wengine kama hao waliokuwa wamekufa kabla, na kila meli ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu za kuiendesha, na hao wenyewe hawakuwa wazima.

Katika hali hiyo ndo waliingia Malindi tarehe 7 Januari 1499. Jambo la kwanza walilotuma mtu pwani kutafuta ni machungwa, wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Yakaletwa kesho yake na matunda mengine, mfalme akatuma na kuku na mayai. Hata hivo wengi walikufa palepale, walikuwa wameshachelewa. Gama alipoona ukarimu huo akampelekea mfalme zawadi, na kupitia mtu wake aliyejua Kiarabu akaomba vitu viwili: pembe moja ya ndovu ya kumpelekea mfalme wa Ureno, na ruhusa ya kuweka jiwe pale mjini kama alama ya urafiki. Mfalme akakubali vyote viwili. Pembe ikaletwa, na jiwe, mfalme akaamuru lisimamishwe.

Soma tena hapo. Daftari halisemi Gama alishuka akachimba shimo. Linasema mfalme wa Malindi ndiye aliyeamuru. Watu wa Gama wenyewe nusu walikuwa wamelala chini kwenye mbao za meli wakitema damu, siku tano walizokaa zilikuwa za kupumzika. Nani aliyeinua lile jiwe? Mimi jibu langu ni kwamba walioinua walikuwa watu wa Malindi, kwa amri ya mwenye mji wao, tena Januari 1499. Huyo kijana wenu akosoe mwaka na akosoe fundi, mengine yamekaa sawa. Siku mbili baada ya kuondoka walifika Mtangata, upande wa Tanga, wakaichoma moto meli moja kati ya tatu zilizobaki, ile São Rafael, kwa sababu tu hawakuwa na watu wa kuiendesha. Ndo uone walikuwa na hali gani.

Sasa, jiwe hilo halikuwekwa pale lilipo leo. Hadithi inayokubaliwa na wengi ni kwamba liliwekwa mjini karibu na nyumba ya mfalme, na si ajabu watu hawakupenda, msalaba mkubwa umesimama katikati ya mji wa Kiislamu, kila ukienda msikitini unaupita. Mfalme akauondoa, lakini hakuuvunja wala hakuutupa baharini, akauweka. Nampenda sana huyu bwana kwa uamuzi ule, ndo siasa ya mtu mzima: watu wake wamesikilizwa na Mreno akirudi akiuliza jiwe langu liko wapi, liko. Na walirudi kweli. Kilwa ikatozwa kodi 1502, mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikatekwa na kuporwa, Mombasa ikachomwa moto. Malindi haikuguswa. Baadaye kwenye hiyo karne ya 16 msalaba ukasimamishwa upya nje ya mji, pale kwenye rasi ya jiwe linaloingia baharini, mahali ambapo waliopo mjini hawasumbuki nao na aliyeko melini anauona toka mbali.

Kwamba karne hiyo ulikuwa umeshasimama tena tunaye shahidi mzuri. Mwaka 1542 padri Francis Xavier, akielekea Goa kule India, alipita Malindi, na kwenye barua yake anasema karibu na mji Wareno wameweka msalaba mkubwa wa jiwe, mzuri sana, umepakwa dhahabu. Dhahabu! Leo ukiuona ulivyo huwezi kuamini. Kwenye barua hiyohiyo anasimulia mzee mmoja wa mji alivyomlalamikia kwamba Malindi kuna misikiti 17 na ni mitatu tu ndo watu bado wanaiendea, na hao nao wachache. Nacheka kila nikisoma, maana hayo malalamiko ningeweza kuyasikia Ijumaa hii hii.

Basi Wareno wakahamia Mombasa, ngome ya Fort Jesus ikaanza 1593, na mfalme wa Malindi mwenyewe akaenda kutawala Mombasa kama rafiki yao, Malindi ikabaki nyuma ikanyauka. Msalaba ukabaki peke yake na upepo. Ilipofika miaka ya 1870 mabaharia wa manowari ya Kiingereza wakaukuta unataka kuanguka, wakauimarisha kwa saruji. Kwa hivo kwenye ule mnara mmoja una jiwe la Lisbon, matumbawe ya Malindi na saruji ya Mwingereza, na juu yake rangi ambayo hupakwa kila inapochakaa. Mwanao akiuliza tena nani aliyejenga, mwambie foleni ni ndefu.

Halafu usiuchanganye na ule mnara mwingine wa kisasa ulioko mjini, wenye umbo kama la tanga, ule ni wa 1960, uliwekwa kumkumbuka Henry, mwana wa mfalme wa Ureno, hauna uhusiano na safari yenyewe.

Tuje Namibia. Jiwe la Cape Cross lilisimama pale jangwani zaidi ya miaka 400, urefu wake mita 3.5 hivi, uzito zaidi ya tani moja, jirani zake wakiwa sili, wale wanyama wa baharini, kwa maelfu na harufu yao. Mwaka 1893, Namibia ikiwa koloni la Mjerumani, nahodha Becker wa manowari Falke akalikuta limeinama, akaling'oa, akaliweka melini, akaacha msalaba wa mbao. Ndo ile mbao tena, miaka 400 baadaye tumerudi kwenye mbao. Miaka miwili baadaye Kaisari akaagiza kopi ya jiwe iwekwe, na mwaka 1980 ikaongezwa kopi nyingine. La asili likawa Berlin, kwenye jumba la makumbusho ya historia. Namibia ikaliomba rasmi 2017, na Mei 2019 wenye makumbusho wakatangaza wanalirudisha.

Kwa hivo tofauti ni hii: lao lilichukuliwa, letu halijawahi kuchukuliwa. Hatuna cha kudai kwa mtu, letu liko nyumbani tangu mfalme alipoliweka stoo. Na ukitaka kuona tofauti ya tatu nenda Mossel Bay, Afrika Kusini. Gama huyohuyo, safari hiyohiyo, Desemba 1497 alisimamisha jiwe na msalaba pale, na siku anang'oa nanga, akiwa bado hajatoka bandarini, akawaona watu kumi au kumi na wawili wa pale wanakuja, wanalivunja jiwe na msalaba pamoja, yeye anatazama toka melini. Hawakungoja hata ageuze tanga. Na lile la Dias la Kwaaihoek, hukohuko Afrika Kusini, la Machi 1488, lilikutwa 1938 likiwa vipande vipande kwenye miamba na mchanga, mwanahistoria Eric Axelson akaviokota, vikaunganishwa kama mtu anavyounganisha chungu, sasa liko kwenye chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Swali lako la mwisho wala si baya, huwa naulizwa kila mara na huwa linaulizwa kwa sauti ya chini kama hivi ulivyouliza wewe. Kwa nini tunaulinda. Wapo wanaosema ni alama ya wavamizi, ibomolewe, na sitawaambia wamekosea kuhusu wavamizi, si nimetoka kukutajia 1505. Lakini mimi ningeubakisha, na sababu yangu wala haimhusu Gama. Ni moja ya vitu vichache vya kushikika tulivyobaki navyo vya Malindi ya yule mfalme. Jumba lake hatuna, siwa zake hatuna, misikiti 17 hatuna, lakini jiwe ambalo yeye aliamuru lisimamishwe, kisha kwa hiyari yake akaamuru liondolewe, lipo. Ni uamuzi wake uliokaa pale juu. Ninachokipinga ni maelezo. Pale wageni wanasimuliwa Gama, Gama, Gama, na aliyetoa ruhusa, aliyetoa kuku na machungwa, hatajwi. Kama ningepewa rangi na brashi ningeanzia kwenye kibao.

Alafu kuna adui mwingine ambaye hana siasa, bahari. Ile rasi ni jiwe la matumbawe na mawimbi ya kusi yanaila kwa chini kila mwaka, ndo maana imebidi kuzungushiwa kinga. Mkirudi, nendeni maji yakiwa yamekupwa, mshuke mtazame kwa chini muone lilivyochimbwa, ndo mtajua kwa nini makumbusho wanahangaika. Mkitoka hapo kapiteni kwenye kale kakanisa ka Wareno kenye paa la makuti, si mbali, kuna makaburi, na Xavier kwenye barua yake anataja Wareno wanaofia Malindi wanavyozikwa kwenye makaburi makubwa yenye misalaba. Na mkiwa njiani mwambie mwanao kwamba neno gereza limetoka kwa neno lao la kanisa, igreja, alafu mwache akuulize mwenyewe imekuwaje kanisa likawa jela. Meza, leso, bendera na mvinyo pia ni zao, atazipata nyumbani kwenu Voi bila nauli, ukitoa mvinyo.

Na yule kijana mtembezaji msimchekee naye, mkimkuta mwambieni tu kwa upole: Januari 1499, bwana, na ni mfalme aliyeamuru. Mkiwa na chungwa mkononi mpeni, alafu msimulieni ya kiseyeye.